Mlio Usio na Mwenyewe

Kazini walimwita Bi Utepe, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Mtu gani huyo, akiingia chumbani, kabla hata hajasalimia, macho yanazunguka kutafuta kitaa kinachowaka, kiwe chekundu, kijani au cha buluu, halafu anakata kipande cha utepe mweusi kwa meno na kukiziba? Chaja, zibwa. Kompyuta, zibwa. Kuna siku aliziba kitaa cha mashine ya kuchapishia, kile kinachowaambia watu kwamba karatasi zimekwisha, na katibu muhtasi maskini akakaa nusu saa akibofya vitufe na kuitukana mashine isiyo na kosa.

Lakini tusimcheke sana, maana kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu, na hata mwanga wa kitaa kidogo uliweza kuiharibu. Bi Utepe alikuwa mhandisi wa elektroniki katika maabara ya utafiti wa mwanga. Usije ukafikiri ni jumba la vioo lenye watu wa makoti meupe wanaotembea taratibu. Vilikuwa vyumba viwili mwisho wa korido, ghorofa ya pili, vyenye mapazia meusi mazito, meza moja ya chuma ambayo watu sita hawawezi kuinyanyua, na kiyoyozi kilichokufa zamani. Wanafizikia ndio waliocheza na mwanga: waliuwasha kwa leza, wakaupitisha humu, wakaugeuza kule. Ukishamaliza safari zake, mwanga uliingia kwenye kidude kidogo kama punje ya mchele kinachougeuza kuwa umeme, na hapo ndipo utawala wa Bi Utepe ulipoanzia. Umeme wenyewe ulikuwa hafifu hata aibu. Bodi yake, ya ukubwa wa kiganja, iliupokea na kuukuza mara elfu nyingi bila kuuongezea uongo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kukuza, yeyote anaweza. Kukuza bila kutia chumvi ndiyo shughuli, na alikuwa amekaa miaka mitatu juu ya bodi hiyo moja.

Pete ya ndoa aliivua kila asubuhi, kwa sababu mwanga wa leza ukigonga dhahabu unaweza kuruka na kumpofua mtu. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa akimpigia simu kutoka barabarani na kumtania: "Saa mbili na nusu hii, umeshaniacha?" Naye anajibu, "Nimekuacha, jioni nitakurudia." Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kila siku na hawakuyachoka.

Nyumbani aliishi na baba yake, fundi redio mstaafu. Mzee huyu, jamani, alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Bi Utepe alikulia chini ya meza yake ya kazi, akiokota skrubu zinazoanguka. Alipofika miaka minane akapewa chuma cha kulehemia na waya wa risasi ya kuyeyusha, akaunganisha nyaya zake mbili za kwanza, akampelekea baba yake kwa mikono miwili. Mzee akatazama, akasema, "Risasi nyingi. Toa." Akatoa. Akarudia. "Risasi kidogo. Ongeza." Tangu siku hiyo mpaka anapata digrii hakuwahi kusikia neno "vizuri" kutoka kinywani mwa mzee. Cheti chenyewe alipokipeleka nyumbani kimetiwa kwenye fremu, mzee alikipindua huku na huku, akasema fremu imepinda. Na kweli ilikuwa imepinda, ndiyo iliyouma zaidi.

Sasa njoo kwenye balaa lenyewe. Maabara ilikuwa ikitengeneza chombo cha kusaka mabomba ya maji yanayovuja chini ya ardhi. Unalaza uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, sambamba na bomba, kisha unapitisha mwanga ndani yake. Bomba likivuja, maji yanatoa mlio mdogo, mlio unautikisa uzi, na mwanga unarudi umeshtuka kidogo. Bodi ya Bi Utepe ndiyo ya kuudaka huo mshtuko. Kwa majaribio walikuwa na bomba limefukiwa kwenye sanduku refu la mchanga, pale pale maabara.

Kwa miezi mingi chombo kilikwenda vizuri. Kisha, ghafla, kikaanza kusema bomba linavuja. Lilikuwa bomba kavu! Halijapitisha maji tangu wiki iliyopita, chombo kinasema linavuja. Kelele hiyo inakuja saa tatu asubuhi, inakaa dakika ishirini, inatoweka. Inarudi saa tano. Kwenye kompyuta ilionekana kama vilima vidogo juu ya mstari uliotakiwa kunyooka. Usiku, hakuna. Jumapili, hakuna. Mkuu wa maabara akija kusimama nyuma ya kiti chake atazame kwa macho yake, hakuna, mstari umelala kama mtoto aliyeshiba. Akitoka tu, vilima hivyo.

Wiki sita Bi Utepe alipigana na kitu hicho. Alianza na birika la umeme la katibu muhtasi, ambalo lilichemshiwa chai ya korido nzima. Akasema linachafua umeme. Birika likapigwa marufuku, na katibu muhtasi, mwanamke mcheshi ambaye hajawahi kununa, akanuna. "Haya, mhandisi," alisema, "tutakunywa mwanga." Kelele ikabaki. Akahamia kwa feni ya chumba cha jirani. Feni ikazimwa, watu wakatoka jasho, kelele ikabaki. Akaifumua bodi na kuijenga upya mara tatu. Ikabaki.

Mwisho akamgeukia mwanafizikia wa leza. Huyu walimwita Mrefu, kwa sababu zinazoonekana kwa macho, kijana mpole wa kushinda akifanya kazi na vipokea sauti masikioni, akisikiliza mambo yake. Bi Utepe akamwambia leza yake inayumba. Mrefu akavua kimoja, akasema, "Dada, leza yangu imepimwa mara nne. Labda bodi yako." Wee! Bodi yangu? Yalitamkwa mengine pale ambayo hayana haja ya kurudiwa, na tangu hapo watu wawili wanaokaa mita tatu kutoka mmoja hadi mwingine wakawa wanaandikiana vikaratasi.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa sauti ya chini, na watu walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya Jumatatu alimwita ofisini, akamketisha, akasukuma karatasi mezani.

"Ijumaa wanakuja watu wa idara ya maji," alisema. "Hii ni fomu ya kuagiza bodi ya kiwandani. Sijaitia sahihi. Kama hadi Ijumaa chombo bado kinazua uvujaji, nitaitia mbele yao."

"Na mimi, Mkuu?"

"Chumba cha matengenezo kinakuhitaji. Mashine za kuchapishia zimelundikana."

Chumba cha matengenezo alikifahamu. Kilikuwa ghorofa ya chini, hakina dirisha, kinanuka vumbi lililoungua, na alikuwa amekaa humo miaka sita kabla hajapandishwa huku juu. Kila mtu anayeingia anasema neno lile lile: "Hii imekufa." Alitoka ofisi ya Mkuu, akapita kwenye ngazi za kwenda chini bila kuzitazama. Si kwamba aliona kazi ya matengenezo ni ya chini, hapana, baba yake alimlea kwa matengenezo. Ila bodi hii ilikuwa yake, kila njia ya umeme aliichora mwenyewe, na kuiona inang'olewa na kutiwa kwenye droo, haki ya Mungu, asingeweza.

Jumatano jioni alifika nyumbani, akasema shikamoo, akakaa mezani bila kuvua viatu. Mzee alikuwa anakunywa chai. Akamtazama mara moja tu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Baba."

"Basi vua viatu."

Akavua, na wakati anavua akamwaga yote: kelele, birika, Mrefu, fomu, chumba kisicho na dirisha. Mzee alisikiliza, akiuliza maswali mafupi. Inakuja saa ngapi? Inakaa muda gani? Inatoka ghafla au inafifia? Halafu akauliza swali ambalo lilimfanya Bi Utepe akae wima.

"Inaliaje?"

"Vipi, inaliaje?"

"Mlio wake. Unakoroma, unakwaruza, unapiga mluzi? Umeusikiliza?"

"Nimeuangalia, Baba. Kwenye kompyuta. Nina grafu mia mbili na zaidi."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mlio unaangaliwa?"

Unaweza kucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wiki sita, watu wasomi wanne, kompyuta tatu, na hapana hata mmoja aliyefikiria kuunganisha kelele na spika aisikie. Waliishi kwa macho hao. Kila kitu kwao kilikuwa mchoro. Bi Utepe aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Akafungua kompyuta yake ndogo, akatafuta rekodi ya asubuhi ile, akapunguza hapa, akaongeza pale, akabofya.

Kwanza kilikuja kimya kidogo. Kisha kikatoka kitu kizito, cha puani, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Kilipanda, kikashuka, kikanyamaza, kikaanza tena.

"Si umeme huo," mzee alisema papo hapo. "Umeme hauvuti pumzi. Rudisha."

Akarudisha. Mzee akainama, jicho moja limefumba, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya redio za watu. Ilipofika mahali fulani, sauti ilipanda, ikakosa, ikateremka kwa aibu. Mzee akaanza kutikisika mabega. Bi Utepe alidhani anakohoa. Kumbe anacheka! Mzee huyu wa kuhesabu tabasamu kama dawa za hospitali alicheka mpaka machozi, akapiga meza, kijiko kikaanguka.

"Baba, nini?"

"Huyo ni wewe."

"Mimi nini?"

"Unaimba. Unaimba puani. Ukishika chuma cha kulehemia tu, unaanza. Tangu una miaka minane, pale chini ya meza, mm-mm-mm kutwa nzima. Na hapo palipopanda unakosea. Miaka thelathini na tano unakosea pale pale."

"Mimi siimbi, Baba."

"Sawa. Huimbi."

Akampigia mumewe. Lori lilikuwa limeegeshwa, mtu anakula. "Niambie ukweli, mimi huwa naimba nikifanya kazi?" Mumewe akaacha kutafuna, akauliza kwa tahadhari, "Hili ni swali la kawaida au la mtego?" Alipohakikishiwa si mtego akasema, "Mke wangu, mimi nilidhani unajua."

Asubuhi ya Alhamisi alitangulia kufika. Alisimama katikati ya maabara, akajiuliza: haya, naimba, lakini uzi umefukiwa kwenye mchanga, umenisikiaje? Akainua macho. Juu ya meza yake, kwenye rafu, sentimita kama thelathini kutoka kichwani pake, palikuwa na msokoto wa uzi wa kioo, mita nyingi zimezungushwa kama kamba ya kuanikia. Chombo kilihitaji nyuzi mbili, mmoja wa kusikiliza bomba na mwingine wa kukaa kimya ili mwanga wa huku ulinganishwe na wa kule. Msokoto ulikuwa ule wa kukaa kimya. Wiki sita zilizopita meza kubwa ilijaa, Mrefu akauliza auweke wapi, na Bi Utepe, mdomo umejaa skrubu, akamwonyesha rafu kwa kidole.

Mrefu alipoingia, alikuta karatasi kwenye kiti chake. Ilisema: *Kelele ni mimi. Vua hivyo vitu masikioni.* Akavua vyote viwili. Bi Utepe akaketi, akamgeuzia mgongo, akajaribu kuimba kwa kutaka. Sauti ilitoka nyembamba, ya woga, lakini kwenye kompyuta vilima vikaota. Akanyamaza, vikalala. Mrefu akainama kwenye msokoto, akaunong'oneza, "Habari yako?" Kilima kikaota. Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka Mrefu akakaa sakafuni, na urefu wake wote ule ukamiminika chini.

"Dada, mimi ndiye niliyeuweka pale."

"Na mimi ndiye niliyekuonyesha. Nisamehe, kaka. Leza yako ni nzuri."

"Na wewe bodi yako..." akaanza Mrefu, akakwama, akamalizia, "bado hatujui, lakini si mbaya."

Kisha Bi Utepe akaenda kwenye kabati, akatoa birika, akalibeba kwa mikono miwili mpaka meza ya katibu muhtasi. Akaeleza. Katibu muhtasi alisikiliza, akashika kiuno.

"Yaani umeninyima chai wiki sita kwa sababu ya ule wimbo wako?"

"Uliusikia?"

"Ukuta huu ni wa mbao! Nausikia kila siku. Nimeshauzoea, ukikosekana najua unaumwa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje kwamba wewe hujui?" Akatia maji kwenye birika papo hapo, asije mtu akabadili mawazo.

Kwa Mkuu haikuwa rahisi hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaunganisha vidole.

"Miaka ishirini na saba ya kazi," alisema kwa ile sauti yake, "nimeletewa visingizio vya kila namna. Hiki ni kipya. Tatizo ni kwamba watu wa maji nimeshawaandikia kwamba bodi ina kasoro. Siwezi kuwaambia tu kwamba kasoro ilikuwa wimbo. Itabidi waone. Nani aliyegundua?"

"Baba yangu."

"Ni profesa wa wapi?"

"Ni fundi redio, Mkuu. Mstaafu."

Mkuu akatenganisha vidole. "Mlete," akasema.

Mzee hakutaka. Alisema hana cha kufanya kwa watu wanaocheza na tochi. Alisema magoti. Alisema shati. Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa maabara, amenyoa, shati limepigwa pasi, na kibegi cha zana mapajani, eti huwezi kujua.

Watu wa maji walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mhandisi wa makamo, mkavu, aliyekuja na daftari na uso wa mtu aliyekwishaonyeshwa maajabu mengi yasiyofanya kazi. Mpango ulikuwa hivi: Bi Utepe akae maabara na msokoto wa uzi hapo juu ya rafu kama mwanzo, aimbe. Wageni wakae chumba cha pili na spika, mlango umefungwa, maana spika na uzi vikikaa chumba kimoja vingeanza kupigiana mluzi. Wamsikie kupitia mwanga na bodi yake, basi. Na fomu ya Mkuu ilikuwa pale mezani kwao, kalamu juu yake.

Mlango ukafungwa. Bi Utepe akaketi, akafungua mdomo. Patupu. Akajaribu wimbo anaoujua, akasahau unavyoanza. Akasikia watu wakisogeza viti upande wa pili. Dakika mbili. Tatu. Aliiona mashine ya kwanza ya kuchapishia ikimsubiri kule chini. Machozi yakaanza kumlenga.

Mlango ukafunguka kidogo, akaingia mzee na kibegi chake. Akatoa redio ndogo, kuukuu, iliyofumuliwa, akaiweka mbele yake.

"Waya wa spika umekatika," alisema. "Unga."

"Baba, sasa hivi? Watu wananisubiri."

"Na mimi nasubiri. Unga, mama."

Mtu akiambiwa hivyo na baba yake afanyeje? Akawasha chuma, akasafisha ncha, akatafuta waya. Ulikuwa umekatika vibaya, karibu kabisa na mzizi, pa kushika hapana. Akainama. Ilibidi kwanza aondoe risasi ya zamani, iliyochakaa na kuwa ya kijivu. Kisha akakunjua ncha, akaishika kwa koleo ndogo, akaipasha moto. Ikashika. Akaona waya wa pili nao hauko sawa, akaona si vibaya auguse. Mzee alikwishatoka zamani, hata hakusikia mlango.

Alipounga wa mwisho na kuweka chuma chini, alikumbuka Ijumaa yake. Mungu wangu! Akatupa koleo, akakimbilia chumba cha pili, maneno ya kuomba radhi yameshajipanga mdomoni. Aliwakuta wameinamiana kwa kicheko. Katibu muhtasi, ambaye hakualikwa, alikuwa amejishika mbavu.

"Nimeshindwa kuimba," Bi Utepe alisema. "Naomba nijaribu tena."

"Umeimba dakika kumi na moja," alisema Mrefu. "Na pale unapokosea tumekusikia mara tano."

Wakacheka tena. Mhandisi wa maji naye alitabasamu, lakini kidogo, akainua kalamu yake. "Ni kweli, tumemsikia," alisema. "Lakini mtu anayeimba sentimita thelathini kutoka kwenye uzi, chombo chochote kingemsikia. Mimi mabomba yangu hayaimbi. Yanadondosha. Bodi hii itasikia tone?"

Kicheko kikafa. Mkuu akaitazama fomu. Ndilo lilikuwa swali lenyewe, na siku zote hizo Bi Utepe alikuwa akijitetea kwamba bodi haina kosa, hakuwa amepata nafasi ya kuuliza ina uzuri kiasi gani.

"Nyamazeni," akasema mtu.

Alikuwa mzee. Alikuwa bado amekaa mbele ya spika, sikio limekaribia kuigusa, jicho moja limefumba, mkono mmoja juu.

"Imewashwa hii?"

"Imewashwa, mzee," alisema Mrefu.

"Sauti umefikisha wapi?"

"Nusu."

"Peleka mwisho."

Mrefu akapeleka mwisho. Watu wakakunja nyuso wakisubiri ule mkwaruzo unaotoka kwenye kila spika ukiifungua hivyo. Haukuja. Mzee hakutikisika. Ilipita nusu dakika, kiti cha mtu kikalia, akamkata jicho mwenye kiti.

"Huko chumbani kuna nani?"

"Hakuna mtu, Baba. Nimefunga mlango."

"Kuna saa ya ukutani?"

"Ipo. Juu ya kabati."

"Naisikia."

Mhandisi wa maji aliacha daftari lake, akaja, akapiga goti sakafuni na suruali yake nzuri. Mkuu naye akasogea. Wakasikiliza, vichwa vimebanana mbele ya spika moja. Ilikuwepo. Ndogo, safi, tk, tk, tk, na kati ya tk na tk hapakuwa na kitu chochote. Saa ya maofisini ya plastiki, upande wa pili wa ukuta, katika chumba kisicho na mtu, imepita kwenye uzi wa kioo, ikapita kwenye mwanga, ikapita kwenye bodi ya kiganja, ikafika hapa haijaongezewa uongo hata kidogo.

"Kama inasikia hiyo," mhandisi wa maji alisema polepole, "bomba langu litajificha wapi?"

Mkuu akaichukua fomu, akaichana mara mbili, akatafuta pa kuitupa, akakosa, akaitia mfukoni. Mrefu alimpiga Bi Utepe begani hata karibu amwangushe. Bi Utepe hakuwatazama. Alichuchumaa karibu na kiti cha baba yake, ambaye hakuwa ameona fomu wala hakujali, sikio lake bado liko pale pale.

"Baba."

"Ngoja kwanza."

Akangoja. Mzee alisikiliza muda mrefu, hata watu wakaona aibu kuongea. Mwisho akainua kichwa, macho yamelowa, akamtazama binti yake kama mtu anayemtazama fundi mwenzake.

"Watu walikuwa wakiniletea redio zao," alisema. "Wananiambia, fundi, inakwaruza. Naifungua, nahangaika nayo, mkwaruzo unapungua, hauishi. Nawaambia ndivyo redio zilivyo. Hakuna isiyokwaruza hapa duniani, mzoee tu. Miaka arobaini nimewaambia hivyo, mama. Watu wangapi."

Akaweka kiganja juu ya spika, taratibu.

"Kumbe nilikuwa nawadanganya."

Bi Utepe akalia pale pale, mbele ya Mkuu na watu wa maji, wala hakujificha.